Grenada, kisiwa kinachoishi kwa kuonjesha wageni

UKITAJA visiwa vya Karibea, wengi hukumbuka muziki wa rege, wanariadha wa Jamaika na picha za fukwe zenye minazi. Ni wachache wanaofahamu kwamba kusini mwa bahari hiyo, si mbali na pwani ya Venezuela, kipo kisiwa ambacho bendera yake imechorwa kungumanga, kiungo kile kile ambacho akina mama wa pwani yetu hukikuna katika uji, maandazi na biriani.

Kisiwa hicho ni Grenada. Ukiunganisha na visiwa vyake vidogo vya Carriacou na Petite Martinique, nchi nzima ina kilomita za mraba 344 tu. Unguja peke yake inaizidi karibu mara tano. Watu wake, ambao wengi wao ni kizazi cha Waafrika waliopelekwa huko utumwani, hawafiki laki moja na nusu. Walipata uhuru kutoka kwa Uingereza Februari 7, 1974.

Nchi ndogo kama hiyo haina viwanda vikubwa. Ilicho nacho ni ardhi yenye rutuba ya volkano, viungo, kakao, miwa na bahari. Kila mwaka, hasa kati ya Novemba na Aprili, meli kubwa za watalii hufunga gati katika mji mkuu, St. George's, nyingine zikiwa na abiria zaidi ya 3,000. Wageni hao hawalali hotelini. Hushuka asubuhi na kurudi melini jioni, na katika saa hizo chache ndipo dereva, mpishi, mkulima na muuza viungo hupata riziki yao.

Makala hii inaeleza jinsi matembezi hayo yanavyokwenda, wageni wanaonjeshwa nini, na nani anabaki na fedha meli inapong'oa nanga. Kwa msomaji anayevusha bidhaa mpakani, au aliyerejea nyumbani na kuanza upya shambani, yamo mambo ya kupima.

Safari ya saa nane

Siku ya meli mji huamka mapema. Ifikapo saa mbili asubuhi mabasi madogo yamekwisha panga foleni nje ya lango la bandari. Wageni wanaoshuka wamegawanyika mafungu mawili. Wa kwanza ni wale walionunua matembezi wakiwa melini, ambao huitwa kwa vikundi na kupandishwa katika mabasi yaliyokwisha kodiwa. Wa pili ni wale wanaoshuka bila mpango na kupatana bei na madereva pale pale nje, kama abiria wa stendi yoyote ya kwetu.

Tofauti yao haiishii kwenye bei. Basi lililokodiwa na meli likiharibika njiani, kwa kawaida meli hulisubiri. Aliyejikodia teksi akichelewa, meli huondoka, naye hujitafutia nauli ya kuifuata kwenye bandari ya mbele. Hofu hiyo ndiyo inayowafanya wengi wakubali kulipa zaidi melini.

Njia za kisiwa hicho ni nyembamba, zenye kona kali na milima. Kutoka St. George's hadi mashamba ya kaskazini ni mwendo wa zaidi ya saa moja, kwa hiyo hakuna tembezi moja linalomaliza kila kitu. Wapo wanaopandishwa kwenye maporomoko ya maji ya Annandale na ziwa la Grand Etang, lililo katika kreta ya volkano ya zamani katikati ya msitu. Wengine hupelekwa kaskazini kuona kakao na ramu. Karibu wote hupitishwa mahali fulani penye kungumanga.

Mwongozaji mzuri haanzi na historia. Husimamisha basi kando ya barabara, akashuka, akarudi na jani au gamba la mti, akalivunja na kulipitisha puani mwa kila mgeni, akiwataka wabashiri ni nini. Mgeni aliyezoea kuona mdalasini katika chupa dukani hushangaa kusikia kwamba ni gamba la mti lililokaushwa. Waliowahi kutembezwa katika mashamba ya viungo ya Kizimbani, Unguja, wataujua mchezo huu mara moja. Kule nako viungo vingi vilitoka ng'ambo vikageuka kuwa jina la nchi.

Huko Annandale vijana wenyeji hupanda juu ya maporomoko na kujirusha hadi bwawani, kisha huomba bahati nasibu ya mgeni kuwatupia chochote. Kule Grand Etang huonekana kima aina ya mona, ambao asili yao ni Afrika Magharibi. Walivushwa bahari enzi za biashara ya utumwa, na wajukuu zao wanaishi msituni hadi leo.

Kungumanga isiyotupwa hata ganda

Kungumanga si mmea wa asili wa Grenada. Nyumbani kwake ni visiwa vya Banda, Indonesia, na ilifikishwa Grenada mwaka 1843 wakati wa utawala wa Waingereza. Ilikubali udongo na mvua za huko kiasi kwamba kabla ya mwaka 2004 Grenada ilikuwa ya pili duniani kwa kuizalisha, ikitanguliwa na Indonesia peke yake.

Katika mji wa wavuvi wa Gouyave, pwani ya magharibi, lipo ghala kubwa la zamani ambako wageni huruhusiwa kuona kazi. Tunda la kungumanga ni la manjano na hufanana na pera. Likiiva hupasuka lenyewe, na ndani huonekana wavu mwekundu uliokumbatia kokwa nyeusi. Wavu huo ndio basibasi. Kokwa ikivunjwa ndipo hupatikana kungumanga yenyewe.

Katika ghala hilo akina mama hukaa mbele ya meza ndefu wakichambua kwa mkono, punje moja moja. Kungumanga humwagwa katika maji, zinazozama zikahesabiwa kuwa nzito na nzuri, zinazoelea zikatengwa kwa matumizi mengine. Baadaye hujazwa kwenye magunia yanayopigwa chapa ya nchi yanakokwenda.

Hakuna kinachotupwa. Nyama ya tunda hupikwa jamu na sharubati. Basibasi huuzwa peke yake. Maganda ya kokwa hutandazwa bustanini na kwenye vijia, yakazuia magugu na kunukisha njia. Mgeni huonjeshwa jamu kwenye kipande cha mkate, kisha aisikrimu ya kungumanga, na mwisho kinywaji cha ramu, ndimu na sukari kilichonyunyiziwa kungumanga iliyokunwa mbele ya macho yake. Asiyekunywa pombe hupewa maji ya choya na tangawizi, au maji machungu kidogo ya gamba la mti uitwao mauby.

Kimbunga kilichobadili hesabu

Septemba 7, 2004 kimbunga Ivan kiliipiga Grenada. Watu 39 walifariki, na takriban nyumba tisa kati ya kila kumi ziliharibiwa. Mikungumanga, ambayo mizizi yake haiendi chini sana, iling'olewa kwa maelfu. Mwaka uliofuata, Julai 2005, kikaja kimbunga Emily na kuharibu sehemu ya kile kilichokuwa kimeanza kusimama.

Msomaji aliyerejea kutoka kambini na kukuta mibuni yake imekatwa anaujua uchungu huo. Mkungumanga si mahindi. Huchukua miaka mitano hadi minane kabla ya kuonyesha tunda la kwanza, na huhitaji miaka zaidi ya kumi kufikia mavuno kamili. Tena miti hiyo ina dume na jike, na mkulima aliyepanda mbegu hawezi kujua amepanda kipi mpaka utoe maua. Aliyepanda akiwa na umri wa miaka 60 alikuwa akimpandia mjukuu.

Baada ya Ivan, wakulima wengi wazee hawakupanda tena. Wengine waligeukia kakao, ambayo huzaa mapema zaidi na ambayo miti yake ilistahimili upepo kwa kiasi. Kabla mambo hayajatengemaa vizuri, Julai 1, 2024 kimbunga Beryl kilikipiga kisiwa cha Carriacou na kubomoa karibu kila paa. Mashamba ya kaskazini ya Grenada yenyewe, yenye kungumanga na kakao, nayo yaliumia.

Hii ndiyo sababu kuonjesha wageni kumekuwa jambo zito. Mkulima ambaye miti yake haijazaa vya kutosha kujaza gunia bado anaweza kupata chochote kwa kumwonyesha mgeni mti mmoja uliobaki. Tunda moja linalopasuliwa mbele ya watu 20 linaweza kuingiza fedha kuliko kilo nzima iliyopelekwa ghalani.

Kakao inayochezewa kwa miguu

Katika parokia ya St. Patrick, kaskazini, lipo shamba la Belmont, lililoanza karne ya 17 kama shamba la mabwana wa Kizungu na kufanyiwa kazi na watumwa. Leo ni mali ya familia ya wenyeji, na wageni hupokewa hapo kwa matembezi na chakula cha mchana.

Mwongozaji huvunja tunda la kakao na kuwapa wageni mbegu zikiwa bado na utando wake mweupe. Wanaambiwa wafyonze, wasitafune. Utando huo una utamu wenye uchachu, mfano wa stafeli, na hauna harufu yoyote ya chokoleti. Wanaotafuna mbegu kwa haraka hukunja uso kwa uchungu, na hapo huelewa kwamba chokoleti hutengenezwa kwa kazi.

Mbegu hulazwa katika masanduku ya mbao na kufunikwa majani ya mgomba ili zichachuke kwa karibu wiki moja. Kisha huanikwa kwenye trei kubwa zenye magurudumu, ambazo husukumwa chini ya paa mvua ikianza. Zikiwa juani, wafanyakazi huzipita kwa miguu, wakiburuza nyayo kuzigeuza, na wageni hukaribishwa kujaribu. Wenyeji huita kazi hiyo kuchezea kakao, na kweli inafanana na ngoma.

Kinywaji cha hapo ni chai ya kakao. Kakao husagwa na kufinyangwa madonge pamoja na viungo, kisha huchemshwa na mdalasini, majani ya viungo, kungumanga na maziwa. Ni nzito, ina mafuta juu, na kwa wenyeji ni kifungua kinywa cha kila siku.

Ramu ya gurudumu la maji

Si mbali na hapo pana kiwanda cha ramu cha River Antoine, ambacho kimefanya kazi tangu mwaka 1785. Gurudumu kubwa linalozungushwa na maji ya mto bado ndilo linaloendesha kinu cha kukamulia miwa. Maji ya miwa huchemshwa katika vyungu vikubwa vya chuma, na kuni za moto huo huchanganywa na makapi ya miwa ile ile. Kisha huachwa yachachuke yenyewe kabla ya kukenekwa.

Wanaoifahamu kanyanga, gongo au waragi hawatahitaji maelezo marefu. Tofauti ni kwamba hii ina leseni, chupa na lebo. Ramu kali ya hapo hufika asilimia 75 ya kilevi, kiwango ambacho hakiruhusiwi ndani ya ndege. Wenye kiwanda walitafuta dawa: walitengeneza nyingine ya asilimia 69 ili msafiri aweze kuondoka nayo. Walitazama sheria ya njiani, wakarekebisha bidhaa, na soko likabaki lao. Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kurudishwa mpakani kwa sababu ya kipimo au karatasi ataelewa busara hiyo.

Wageni huonjeshwa kwa kikombe kidogo sana. Mwongozaji mwenye akili huhakikisha wamekula kwanza.

Sufuria moja, historia ndefu

Chakula cha taifa cha Grenada huitwa oil down. Ndani ya sufuria moja hupangwa nyama ya chumvi au samaki wa chumvi, mashelisheli yaliyokatwa vipande, ndizi mbichi, madonge ya unga, na juu kabisa majani ya magimbi. Humwagiwa tui la nazi lililotiwa manjano, kikafunikwa na kuachwa juu ya moto bila kukorogwa, mpaka tui lote linyweke na mafuta yake yabaki chini. Jina la chakula limetokana na mafuta hayo.

Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki akionjeshwa atadhani yuko nyumbani. Mtu wa Rwanda au Burundi atayatambua magimbi kuwa ndiyo amateke yake, ingawa huenda akashangaa kuona majani nayo yanaliwa. Mwislamu aulize mapema, kwa kuwa nyama ya chumvi inayotumika mara nyingi ni ya nguruwe. Wapishi wengi huweza kupika ya samaki peke yake wakiambiwa kabla.

Shelisheli lenyewe lina kisa. Mwaka 1793 nahodha Mwingereza William Bligh alifikisha miche yake katika visiwa vya Karibea kutoka Tahiti, baada ya safari ya kwanza kuvunjika mwaka 1789 mabaharia wake walipoasi. Lengo lilikuwa kupata chakula rahisi cha watumwa wa mashamba ya miwa. Chakula kilicholetwa kwa hesabu ya bwana leo ndicho kinachopikwa siku za sikukuu, ufukweni, watu wakiimba.

Dola ipi?

Kwa wasomaji waliozoea kubadili faranga, shilingi na dola siku moja, hapa pana jambo la kuangalia. Grenada hutumia dola ya Karibea Mashariki, ambayo tangu mwaka 1976 imefungwa kwa kiwango cha 2.70 kwa dola moja ya Marekani. Dola ya Marekani nayo hupokelewa karibu kila mahali.

Mgeni akiambiwa mkufu wa viungo, ule unaotungwa kwa kungumanga, karafuu, mdalasini na manjano, ni "dola ishirini", swali la kwanza ni moja: dola ipi? Jibu likiwa la Karibea Mashariki, ni chini ya dola nane za Marekani. Asiyeuliza anaweza kulipa karibu mara tatu. Wauzaji waaminifu wa sokoni hutaja wenyewe ni dola gani, na ndio ambao waongozaji huwarudishia wateja meli hadi meli.

Nani anabaki na fedha?

Hili ndilo swali gumu. Wachunguzi wa biashara hii wameeleza kwa miaka mingi kwamba kampuni za meli hubakiza sehemu kubwa ya bei ya matembezi yanayouzwa melini, mara nyingine nusu au zaidi. Tuchukue mfano tu: mgeni amelipa dola 80 na kampuni ikabakiza 40. Katika 40 zilizobaki hutoka malipo ya mwenye basi, mafuta, kiingilio cha shamba, chakula na mwongozaji. Mkulima aliyezalisha kungumanga iliyokunwa juu ya glasi huambulia senti.

Serikali nazo zimewahi kuonja nguvu ya wenye meli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 visiwa vya eneo hilo viliweka tozo ya dola 1.50 kwa kila abiria ili kugharamia utupaji wa taka, na kampuni moja kubwa ikaacha kuleta meli zake Grenada. Tena Machi 2020, korona ilipoingia, meli zote zilisimama, na masoko ya viungo yakabaki na wauzaji wakitazamana.

Kutokana na hali hiyo, wapo Wagrenada waliochagua kumiliki kile kinachoonjwa. Wakulima wa kungumanga wana ushirika wao tangu mwaka 1947, unaonunua na kuuza nje kwa niaba yao. Mwaka 1999 ilianzishwa Grenada Chocolate Company, iliyofanya kazi na ushirika wa wakulima wa kakao na kutengeneza chokoleti papo hapo kisiwani badala ya kusafirisha mbegu ghafi. Mashine zake ziliendeshwa kwa umeme wa jua, na mwaka 2012 chokoleti yake ilivushwa hadi Ulaya kwa meli ya matanga.

Kwetu pia kakao ipo. Ya Beni, Congo, na ya Bundibugyo, Uganda, kwa sehemu kubwa huondoka ikiwa mbegu kavu ndani ya magunia, na mvutano wa wafanyabiashara ni juu ya upande gani wa mpaka una bei nzuri zaidi wiki hiyo. Faida kubwa hupatikana mbali, mahali ambapo gunia limegeuka kuwa kipande chenye karatasi ya kung'aa.

Wahenga walisema mwonja asali haonji mara moja. Mgeni wa meli ana nafasi ya kuonja mara moja tu, maana jioni yuko baharini na kesho yuko kisiwa kingine. Ndiyo maana akina mama wa soko la St. George's wenye akili ya biashara humfungia kungumanga zake katika pakiti ndogo iliyoandikwa jina la nchi, namna ya kutumia na mahali pa kuagiza nyingine.